Sifa Haipakwi Chini ya Maji

Kosa langu lilinirudia mwaka 2018 likiwa limeandikwa kwa wino wa buluu katika daftari la mwanafunzi wa kidato cha pili. Binti huyo ni wa jirani yetu hapa Mji wa Kale, Mombasa. Alikuwa amepewa kazi ya shule kuhusu vyombo vya bahari vya zamani, na mamake akamtuma kwangu nimpitishie macho kabla hajaikabidhi kwa mwalimu. Nilisoma ukurasa wa kwanza nikiridhika nao, nikafungua wa pili, na hapo nikakutana na sentensi niliyoitambua kama mtu anavyolitambua shati lake likiwa limevaliwa na mwingine: sifa ni mafuta ya maini ya papa yaliyopakwa chombo kizima, juu na chini, ili maji yasipenye.

"Umeyapata wapi haya?" nilimuuliza.

"Kwa simu, mjomba. Yamesambazwa kila mahali."

Jina la aliyeandika halikuwepo, lakini sentensi ilikuwa yangu. Niliiandika mwaka 2016 katika ukurasa wangu kwenye mtandao mmoja wa kijamii, na haikuwa sahihi.

Msomaji ambaye hakulelewa karibu na gati huenda akashangaa kusikia kwamba sifa ni mafuta. Neno hilo wengi wanalijua kwa maana ya kusifiwa tu, lakini mafundi wa majahazi walikuwa na sifa yao nyingine, iliyotoka katika maini ya papa, yenye harufu kali kiasi kwamba siku ya kupaka chombo watu waliopita njia ya bandari ya zamani walijiziba pua kwa ncha ya leso. Sifa hiyo hupakwa mbao zilizo juu ya maji, zisikauke kwa jua zikapasuka. Sehemu inayozama ina dawa yake, nayo ni deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa, ambayo huwazuia wadudu wa baharini wanaotoboa mbao. Mtu akizichanganya hizo mbili katika mazungumzo ya barazani atasahihishwa papo hapo na mambo yataishia hapo. Mimi nilizichanganya mbele ya maelfu ya watu, na hayakuishia hapo.

Siku ya tatu baada ya kuchapisha, ami yangu, ambaye ujana wake wote aliumaliza akitia kalafati majahazi yaliyokuja na kaskazi, yaani akiziba nyufa za mbao zake kwa pamba, alisomewa maandishi yale na mjukuu wake. Akanipigia simu. "Mwanangu," akasema, bila hata kuniuliza habari za nyumbani, jambo ambalo kwake ni dalili ya hasira, "ni nani aliyekwambia sifa yapakwa chini ya maji? Sifa haipakwi chini ya maji. Chini ni deheni."

Nikaandika masahihisho jioni ile ile, kwa adabu na kwa kirefu, nikalitaja kosa na nikamtaja aliyenisahihisha. Maandishi ya kwanza yalikuwa na picha ya jahazi lililopandishwa ufukoni na yalikuwa yamesambazwa zaidi ya mara mia nne. Masahihisho hayakuwa na picha, nayo yalisambazwa mara kumi na moja, na ninaamini watatu kati ya hao kumi na mmoja ni ndugu zangu. Niliyahariri pia maandishi yenyewe, lakini ilikuwa bure, kwa kuwa wengi walikuwa wamekwisha kunakili maneno bila jina langu na kuyaweka kwingine, mahali ambapo mkono wangu haufiki. Nilipomweleza ami jambo hilo alicheka mpaka akakohoa. "Sifa ni hizo hizo, mwanangu," akaniambia. "Zote zikizidi zanuka."

Sikuanzia huko, na hili ndilo lililonisumbua zaidi. Nilianza kuandika mtandaoni Januari 2008, katika siku ambazo nchi yetu ilikuwa ikiungua baada ya uchaguzi wa Desemba na matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni yalikuwa yamepigwa marufuku. Nilikuwa karani katika ofisi ya uwakala wa forodha, na kila jioni niliyoweza kutoka salama nilikwenda saiba, yaani duka la intaneti, kusoma blogu ya Ory Okolloh, aliyekuwa akikusanya habari kutoka kwa watu wa kila upande na ambaye wazo lake la kuzionyesha habari hizo kwenye ramani lilizaa tovuti ya Ushahidi katika muda wa siku chache tu. Nilistaajabu kwamba mtu mmoja, mwenye ukurasa wake mwenyewe, anaweza kushikilia jambo zito kiasi kile. Mimi sikuwa na jambo zito. Nilikuwa na maneno: majina ya kamba na ya matanga, ya mikate ya mtama iliyobandikwa ndani ya tanuri la udongo, ya misumari ya milango, maneno niliyoyasikia kwa wazee na ambayo watoto wa rika langu wenyewe hawakuyajua tena. Nikafungua blogu, nikaanza kuyaweka.

Saiba ilikuwa shilingi moja kwa dakika, na hesabu hiyo ndiyo iliyonifundisha kuandika. Sikuweza kukaa mbele ya kompyuta nikitafakari huku dakika zikinila, kwa hiyo niliandika kwanza kwa kalamu, nyuma ya fomu za forodha zilizoharibika, nikatembea nazo siku tatu au nne mfukoni, nikifuta na kuongeza, na kila nilipokutana na mtu anayejua zaidi yangu nilizitoa nikamsomea. Nilipofika saiba kazi ilikuwa imekwisha. Kilichobaki ni kuchapa. Makala ya maneno mia sita ilinigharimu shilingi ishirini na tano, na shilingi mbili zaidi kama umeme ulisitasita.

Mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilifika Mombasa, na baada ya miaka ya kutegemea setilaiti intaneti yetu ikaanza kuwa na kasi na bei ya kuvumilika. Ningependa kusema kwamba kasi hiyo ilininufaisha, na kwa kusoma ilininufaisha kweli. Katika kuandika, hata hivyo, iliondoa zile siku tatu au nne za mfukoni.

Tulikuwa tukifahamiana wakati ule, sisi tulioandika kwa Kiswahili, ingawa wengi wetu hatukuwahi kuonana. Ndesanjo Macha alikuwa ametutangulia na blogu yake ya Jikomboe, Issa Michuzi alikuwa na picha zake zilizosomwa na Watanzania waliotawanyika duniani kote, na wengine wadogo wadogo kama mimi tulijipanga pembeni mwa kurasa za wenzetu kama majina ya wageni kwenye daftari la harusi. Ukisoma mmoja ulifuata kiungo ukafika kwa mwingine. Mtu aliyejibu makala yako aliandika makala yake. Majibu yalichukua wiki, na hakuna aliyeona kwamba wiki ni muda mrefu.

Mwaka 2012 nilihama kutoka blogu kwenda mtandao wa kijamii. Sitaki kusema kwamba nilihamishwa, maana nilikwenda kwa miguu yangu na nilikwenda kwa tamaa. Watu niliowaandikia walikuwa wamekwisha kuhamia huko. Binamu ambaye hakuwahi kuifungua blogu yangu alinisoma siku ya kwanza, na kufikia mwisho wa mwezi nilikuwa na wasomaji ambao kwa miaka minne ya blogu sikuwahi kuwapata. Programu ya Google ambayo wengi tuliitumia kufuatilia blogu ilifungwa tarehe 1 Julai 2013, nami wala sikuhuzunika, kwa sababu nilikuwa sina tena sababu ya kuifungua.

Mabadiliko ya uandishi wangu yalikuja polepole hata sikuyaona. Kwanza nilijifunza kwamba msomaji huona mistari michache tu kabla maandishi hayajakatwa, kwa hiyo nikaanza kuweka jambo la kushtua hapo juu na kuyasukuma maneno kama "lakini", "isipokuwa" na "kwa baadhi ya watu" kule chini yasikoonekana. Kisha maneno hayo yakaniona sina haja nayo, yakaondoka yenyewe. Nilijifunza kwamba maandishi yasiyo na picha hayatembei, na kwamba wakati mzuri wa kuchapisha ni baada ya Isha, watu wakiwa wamelala chali na simu zao. Halafu nikagundua dawa ya uhakika zaidi ya zote, nayo ni kuchokoza ugomvi wa Kimvita na Kiunguja, lahaja ya Mombasa na ya Unguja. Nikiandika kwamba sisi husema "mato" na "ndia" ilhali wenzetu husema "macho" na "njia", na nikimaliza kwa swali la kipuuzi kama vile ni nani mwenye Kiswahili, nilikuwa na uhakika wa majibu mia mbili kabla ya alfajiri. Niliufanya ugomvi huo mara sita au saba. Kwa kweli nilijua kisa chake kwa undani zaidi ya hapo: nilijua kwamba mkutano wa mwaka 1928 ulioamua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika hapa hapa Mombasa, na kwamba habari hiyo peke yake ingetosha makala nzima yenye maana. Sikuiandika. Ilikuwa na "lakini" nyingi mno.

Sentensi ya sifa ilizaliwa katika hali hiyo. Maelezo niliyokuwa nayo daftarini, ambayo niliyachukua kwa mzee mmoja wa bandarini, yalikuwa sahihi na yalitenganisha juu na chini. Ni mimi niliyeyafupisha. Niliona kwamba deheni ni neno la pili gumu katika mistari michache, nikaliondoa, na baada ya kuliondoa ilibidi sifa ifanye kazi ya zote mbili. Sikukosea kwa kutojua. Nilikosea kwa kutaka kueleweka haraka na watu ambao hawakuwa wamenihimiza.

Basi yule binti ameketi sebuleni kwangu, daftari limefunguliwa, nami nikamwambia asubiri nimwonyeshe masahihisho niliyoyaandika miaka miwili nyuma. Nikaanza kuusukuma ukurasa wangu kwa kidole. Nikapita harusi, mvua za masika, rambirambi, mchezo wa mpira, ugomvi wa mato na macho mara mbili. Kadiri nilivyorudi nyuma ndivyo ukurasa ulivyozidi kuwa mzito, na nilipokaribia mwaka 2017 simu ikaganda, ikanirudisha juu kabisa, mwanzo. Nikaanza upya. Mamake akamwita akale. Akaondoka akarudi na sahani ya kaimati, akanikuta ningali nasukuma. Mwishowe nilimsomea maelezo sahihi kutoka katika daftari langu la karatasi, akafuta, akaandika. Maneno yangu ya miaka sita yalikuwa yamehifadhiwa mahali pasipo rafu wala mlango wa nyuma, na mimi mwenyewe nilikuwa sijui njia ya kuyafikia.

Ningependa kueleza kwamba nilirudi kwenye blogu kesho yake, lakini ilichukua zaidi ya miaka mitatu. Mazoea yana nguvu, na mwaka ule ule wa 2018 nilikuwa na kisingizio kizuri. Rafiki yangu wa Tanga, aliyekuwa akiandika blogu safi sana kuhusu historia ya mji wake, aliifunga baada ya kutangazwa kwa kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni nchini Tanzania, ambazo zilimtaka mwenye blogu alipe shilingi laki moja za maombi, milioni moja za leseni na milioni moja nyingine kila mwaka. Nilijiambia kwamba ikiwa mtu kama yule amenyamaza, enzi ya blogu imekwisha. Kanuni hizo hazikunihusu mimi niliye Mombasa hata kidogo, na ninakiri kwamba nililijua hilo nilipokuwa nikijiambia.

Kisha ikaja jioni ya tarehe 4 Oktoba 2021, ambapo Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika kote duniani kwa takriban saa sita. Kwetu zilizimika muda mfupi baada ya Magharibi. Nyumba ilipata utulivu wa ajabu: wanangu walitoka vyumbani wakaanza kuulizana kama vocha zimekwisha, mke wangu akawasha redio. Mimi, kwa kukosa la kufanya, nilijaribu kukumbuka anwani ya blogu yangu ya zamani, nikaiandika, nikabonyeza.

Ikafunguka. Ilikuwa imekaa vile vile nilivyoiacha miaka tisa nyuma, na picha yake ya juu iliyopindika. Makala zilikuwa zimepangwa kwa mwaka na mwezi. Nikabonyeza Machi 2009 nikaisoma Machi 2009. Mengi yalikuwa ya kitoto, na moja, kuhusu asili ya neno fulani la Kiajemi, lilikuwa upuuzi mtupu ambao ninashukuru hakuna aliyeusambaza. Lakini yalikuwa marefu, yalikuwa na "lakini" zake, na yaliandikwa na mtu aliyeonekana kuwa na subira kuliko mimi. Chini ya makala ya mwisho palikuwa na ujumbe wa mwaka 2014 kutoka kwa mama mmoja wa Muscat, aliyezaliwa Mombasa, akiniuliza kama nimefariki au nimehama tu, kwa sababu kila mwezi hupita kutazama. Ulikuwa umekaa hapo miaka saba bila kujibiwa. Nilimjibu usiku ule, kabla mitandao haijarudi, na nilipoamka asubuhi nilikuta jibu lake.

Nilitumia miezi mitatu iliyofuata kupakua maandishi yangu kutoka mtandao wa kijamii na kuyapitia moja moja. Yalikuwa zaidi ya elfu moja na mia moja. Niliyoona yanastahili kuhamishwa yalikuwa sitini na matatu, na hata hayo ilibidi niyaandike upya, kwa kuwa kila moja lilikuwa limekatwa pale ambapo maelezo yalianza kuwa ya kweli. Sijui adhabu kali zaidi kwa mwandishi kuliko kukaa na chai yake akisoma uchokozi wake mwenyewe wa miaka tisa. Januari 2022 nikalipia kikoa, yaani anwani ya tovuti, chenye jina langu, kwa ada ya mwaka isiyofikia bei ya chakula cha mchana cha watu wawili, nikahifadhi nakala ya kila kitu kwenye kompyuta na nyingine kwenye diski iliyo kabatini, nikaufunga ule ukurasa wa mtandao wa kijamii.

Mwezi wa kwanza nilisomwa na watu tisa, wawili kati yao wakiwa mimi kwa simu na mimi kwa kompyuta. Ukimya huo uliniuma kuliko nilivyotarajia. Kwa wiki kadhaa kidole changu kiliendelea kugusa mahali pale kwenye kioo cha simu ambapo programu ilikuwa, na kila nilipochapisha makala nilihisi kama mtu aliyetoa salamu katika chumba asichojua kama kina watu. Kilichonisaidia ni zile siku tatu au nne. Nilirudi kwenye kalamu. Ninaandika rasimu, ninaibeba, ninawasomea wanaojua, na kufikia siku ya kuchapisha makala imekwisha kusomwa na watu watatu wenye akili, kiasi kwamba ukubwa wa hadhira inayofuata haunikoseshi usingizi.

Makala ya sifa niliiweka ya kwanza. Kosa la mwaka 2016 sikulifuta. Nimelipiga mstari katikati likaonekana, na chini yake nimeandika tarehe niliposahihishwa na aliyenisahihisha. Tangu hapo imeongezwa mara nne, kila nyongeza na tarehe yake. Fundi mmoja wa Lamu alinieleza namna maini yanavyoachwa juani yajikamue, mama wa Muscat akaandika kwamba babake alipaka mafuta hayo mbao za kisima nyumbani. Makala yenyewe sasa ni ndefu maradufu ya ilivyoanza, na mtu anayefika leo husoma iliyo sahihi kwanza. Kule nilikotoka, maandishi yaliyofikisha juma moja yalikuwa yamekwisha kufa, na hakuna anayeongeza neno kwenye kilichokufa.

Sikushinda kila kitu. Nilikuwa na wavuvi wanne waliokuwa wakinitumia maelezo kwa sauti kupitia mtandao ule, watu wasiopenda kusoma maandishi marefu na ambao hawajawahi kuifungua blogu yangu. Imenibidi niwafuate sokoni alfajiri, na wakati mwingine sifiki. WhatsApp nayo sikuiacha, kwa sababu vifo na harusi za ukoo wetu hupitia huko, na mtu atakayekosa mazishi kwa sababu ya msimamo wake kuhusu intaneti hataeleweka na shangazi yeyote. Nawasikia wanaohubiri kuhusu kujitoa kabisa, na mara nyingi nawaona wakihubiri huko huko.

Ijumaa iliyopita nilimpelekea ami nakala iliyochapwa ya makala ya sifa, kwa herufi kubwa, maana macho yake yamechoka. Alitaka nimsomee. Nikamsomea, naye akasikiliza huku vidole vyake vikifuata kitu kwenye mkeka, kama anayesukuma pamba katika upenyo wa mbao. Nilipofika aya ya tatu, mahali nilipoandika kwamba deheni hupakwa chombo kikikauka, akaninyanyulia mkono.

"Kikauke kiasi gani?" akaniuliza.

Nikamwambia sikuandika.

"Basi andika," akasema, nami nikatafuta kalamu.